Mwaka Niliojifunza Kufunika Lebo

Siyo kweli kwamba dhahabu isiyovaliwa ni jiwe tu, na siyo kweli kwamba nilikuwa nimerogwa na Mhindi wa Queensbury. Nilimjibu Shangazi hivyo nimesimama mlangoni mwa jiko lake, Woolwich, London, koti bado mwilini na mfuko wa vitunguu mkononi, maana alikuwa ameanza kunisema kabla sijavua viatu. "Basi niambie ni nini," alisema bila kugeuka, anamimina tui la kopo kwenye sufuria ya samaki. "Kitu kinakaa kwenye plastiki kama vidonge vya presha. Hukivai, hukiuzi, hukigusi. Salma alikiona kabatini akadhani kadi ya benki." Nikamwambia kimepimwa. Nikamwambia kuna watu huko Amerika kazi yao ni hiyo tu, kukaa chini ya taa na kuangalia sarafu za dhahabu za zamani, na hao watu wameiangalia yangu wakaipa sitini na mbili katika sabini, wakaifungia kwenye kasha ili asitokee mtu wa kuichezea, na siku kasha likifunguliwa namba inakufa. Shangazi alionja mchuzi kwenye kiganja. "Shuleni kwetu sitini na mbili ilikuwa C," alisema. "Na mwenye C hakufungiwa kwenye kasha. Aliambiwa akasome."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa harusi. Salma, binti yake Shangazi, alikuwa anaolewa mwezi unaofuata, na kwetu bibi harusi hapambwi kwa dhahabu ya mama yake peke yake. Kila mwanamke wa nyumba anaazimisha kitu, bangili, kipini, hata pete nyembamba, na kitu hicho lazima kiguse ngozi ya bibi harusi siku ile. Kesho yake kila mtu anarudishiwa chake na maisha yanaendelea. Mimi dhahabu yangu ilikuwa moja tu duniani, na ilikuwa ndani ya plastiki. Shangazi alitaka itoke. Mimi nilisema haitoki, hata wakinifukuza.

Nimeyakumbuka haya wiki iliyopita, Stanmore, nilipokwenda kuwapa pole watu wa Mzee Hasmukh, yule Mhindi wa Queensbury. Walikuwa wametandika mashuka meupe sebuleni, viatu vimejaa mpaka nje ya mlango, picha yake ukutani na shada la maua. Nilikaa chini pembeni, nikidhani hakuna anayenijua. Binti yake akaja na glasi ya maji, akanitazama sana, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Wewe ndiye msichana wa kidole gumba?" Nikasema ndimi. Akacheka huku analia, akawaita wengine waje wanione. Kumbe mzee alikuwa anawasimulia mezani. Nimerudi nyumbani nikaona niandike sasa hivi, kabla sijaanza kusahau na kupamba. Watoto wa Salma leo wananiita mama mdogo na wananichukulia kama mtu wa heshima. Hawajui kwamba nikiwa na miaka kumi na tisa nilikuwa tayari kuvunja udugu kwa ajili ya kipande cha plastiki.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Stanmore, kuogesha, kulisha, kubadilisha mashuka. Kutoka Woolwich ni kuvuka jiji zima, lakini kazi ilikuwa kule na mimi sikuwa na pa kuchagulia. Tulitakiwa kuvaa saa ya kubandika kifuani, na yangu ikafa betri. Nikateremka treni njiani, Queensbury, nikaingia duka la kwanza lenye saa dirishani. Lilikuwa jembamba kama korido: mikanda ya saa, betri, kufuli za masanduku, na mwisho kabisa pazia. Mzee aliyekuwa kaunta alisikia naongea kwenye simu, akangoja nimalize, akauliza, "Wapi Tanga?" Nikashtuka, nikasema Ngamiani. "Ngamiani barabara ya ngapi?" Kumi na nne. "Mimi ya saba," alisema, anafungua mgongo wa saa yangu. "Basi sisi majirani. Umechelewa tu kuja." Aliondoka Tanga kabla baba yangu hajaanza shule, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimebaki pale pale barabara ya saba, na alikitumia kama mtu aliyekuwa akingoja miaka mingi apate wa kukitumia naye. Kesho yake nilipita tena bila sababu. Nyuma ya pazia kulikuwa na meza, kitambaa cha kijani, taa yenye shingo ndefu, chai ya tangawizi kwenye chupa, na sahani ya mihogo ya kukaanga ambayo watu wa kule wote, Wahindi na Waingereza, wanaiita mogo. Na kulikuwa na sarafu.

Alikuwa nazo za aina nyingi, ila aliyoipenda ndiyo niliyoipenda: dola mbili na nusu ya Kimarekani, ya zaidi ya miaka mia, ndogo kuliko kifungo cha koti. Wenyewe wanaiita ya Kichwa cha Mhindi, yaani wale Wahindi Wekundu, kwa sababu upande mmoja kuna mtu mwenye taji la manyoya na upande wa pili kuna tai amesimama. (Shangazi alipopata habari hiyo alifurahi siku nzima. "Mhindi kakuuzia Mhindi!" alimwambia kila aliyepiga simu.) Lakini kilichonikamata si sura. Ni kwamba picha yake haijachomoza. Sarafu zote nilizowahi kushika, kichwa kinapanda juu. Hii kichwa kimezama ndani, kama unyayo kwenye tope, na sehemu iliyo wazi ndiyo iliyo juu. Mzee Hasmukh alisema zilipotoka watu walizipigia kelele, eti uchafu utajaa kwenye mashimo waugue. Nikamwambia mimi naitaka. Akaniambia sarafu hii ngumu kuliko zote kuipima, anza na nyepesi. Nikasema nataka hii. Nikawa namlipa kidogo kidogo kila nikipata mshahara, mpaka siku moja akaiweka mkononi mwangu na kasha lake na kusema, "Haya, nenda zako."

Naulizwa mpaka leo kwa nini. Watu wazima wanadhani nilikuwa na akili ya biashara, na sikuwa nayo hata kidogo. Jibu ni la aibu kidogo lakini ndilo lenyewe. Nilikuja London na cheti changu cha kidato cha nne kwenye bahasha ya plastiki, nimekishika kifuani ndege nzima. Mwanamke wa ofisi ya ajira alikishika kwa vidole viwili, akakigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, akaniuliza, "Na mbali na hiki?" Sikuwa na mbali na hiki. Kisha nikaona duniani kuna kitu kidogo, kimetoka mbali, kimepita mikono ya watu wasiojulikana, na kuna mtu amekaa akakiangalia vizuri, akasema wewe ni sitini na mbili, akakiandikia, akakifungia, na tangu hapo popote kiendapo hakuna anayekigeuza nyuma. Nilikuwa nalala nacho chini ya mto.

Jumamosi nilikuwa naenda Queensbury kufundishwa. Sheria ya Mzee Hasmukh ilikuwa moja. Anakupa sarafu ndani ya kasha, unafunika lebo yenye namba kwa kidole gumba, unaigeuzageuza chini ya taa, unasema namba yako na sababu yake, ndipo unaondoa kidole. Nilikuwa mbovu sana. Siyo macho, macho yalikuwa mazuri. Tatizo sikuwa na subira. Nilikuwa nachungulia. Kidole kinateleza kidogo tu, naona tarakimu, halafu natafuta sababu za kuifuata. Yeye alikuwa anajua. Hakuwahi kunigombeza, alikuwa anakunywa chai na kusema, "Umejibu sawasawa. Hujaangalia."

Basi nyumbani ikawa vita. Shangazi alihama kutoka kwenye maneno kwenda kwenye mbinu. Kwanza alipendekeza kasha litobolewe pembeni litiwe uzi, Salma alivae hivyo hivyo. Halafu mwenyewe akakumbuka kwamba dhahabu haitagusa ngozi, akaghairi. Siku nyingine nikamkuta amechemsha maji, kasha liko mezani, na rafiki yake yuko kwenye simu akimwelekeza kwamba kifuniko cha chupa ya jemu kikigoma hutiwa maji moto. Nililinyakua. "Nilikuwa najaribu tu!" alisema. Salma, aliyezaliwa Woolwich na anayejibu kila kitu kwa Kiingereza hata ukimsalimia kwa Kiswahili, alikuja chumbani kwetu akakaa kitandani kwangu. Alisema kwa upande wake hata nusu ya dhahabu ile haitaki, atafanana na mti wa Krismasi. Ila alisema pia mama yake haumwi na sarafu. Nikamuuliza anaumwa na nini. Akainua mabega. "Muulize, Zuhura."

Sikumuuliza. Nilisikia mwenyewe. Ilikuwa mchana, nimerudi kutoka kazini nimejilaza, na Shangazi alidhani nimelala. Alikuwa sebuleni anapiga pasi, simu ameiweka kwa sauti, na harufu ya kanga mpya inayopigwa pasi ilikuwa inaingia mpaka chumbani. Yule rafiki yake akamwambia amwache mtoto na sarafu yake, dhahabu si anayo nyingine? "Dhahabu ninayo," Shangazi alisema. "Sipiganii dhahabu mimi. Siku ile watakuja wanawake, watauliza hii ya nani, hii ya nani. Watafika kwa Zuhura. 'Na yule mpangaji wako kaleta nini?' Nitawajibu nini? Siyo mpangaji, ni mtoto wa kaka yangu. Kitu chake kikikosekana mwilini kwa Salma, watu wataona mimi ndiye nimemweka nje." Pasi ikatoa mvuke. "Na yeye hajui. Anadhani nataka kumwibia." Nilikuwa nimejiandaa kwa kila hoja, nina majibu ya dhahabu, ya plastiki, ya Wamarekani. Hoja ya mpangaji haikuwamo.

Jumamosi nikaenda Queensbury mbio, nikitaka mtu wa upande wangu. Nikamwambia Mzee Hasmukh ampigie Shangazi, waongee Kiswahili, amweleze kwamba kasha halifunguliwi. Alikuwa anakula mihogo na pilipili. Akapangusa vidole kimoja kimoja. "Kwa nini ni sitini na mbili?" aliniuliza.

"Imeandikwa."

"Funika."

Nikafunika. "Sitini na mbili."

"Hiyo umesoma. Mimi nauliza umeona nini."

"Si wewe ndiye uliyeniuzia!" Nilikasirika kweli, sauti ilipita pazia.

"Nilikuuzia sarafu, binti. Hicho kikaratasi kilikuja nayo." Akanimiminia chai. "Sikwambii fungua. Ukifungua utalia. Ukiirudisha kwao Amerika wanaweza kukupa sitini na moja, wanaweza kukupa hamsini na nane, wanaweza kusema imeguswa, hatuipi kitu. Na ukikaa nayo hivyo wazi, hakuna atakayekwambia chochote. Utabaki wewe na macho yako. Ndiyo nauliza, yapo?"

Nilitaka kuondoka. Nilikuwa nimeshavaa koti. Lakini mimi nikiambiwa siwezi hunipanda kichwani, basi nikavua koti, nikakaa, nikafunika lebo, na safari hii nikakibana kidole mpaka ukucha ukawa mweupe. Mzee alirudi kaunta kuuza betri. Niliisogeza ile sarafu chini ya taa polepole, mwanga unazunguka kama maji kwenye sahani. Kwa sababu picha imezama, kila kilichowahi kuigusa kimegusa uwanja kwanza, ile sehemu iliyo wazi. Nikaona alama mbili ndogo za kugongwa mbele ya pua ya yule mtu. Nikaona mfupa wa shavu, ulioinuka karibu kufikia uwanja, umefifia, siyo kwa kulika mikononi, kwa kusuguana na sarafu nyingine kwenye mfuko. Nikaona manyoya ya taji yote yapo, makali, hata lile la mwisho. Nikageuza: bega la tai lilikuwa na weupe kidogo, na nyuma ya mgongo wake kulikuwa na uwanja msafi kiasi kwamba ungedhani jana. Mzee aliporudi nilimwambia yote hayo, na nikamwambia kwamba lile shavu ndilo linaloinyima sitini na tatu, na ule uwanja nyuma ya tai ndio unaoizuia isishuke. Hakunisifu. Alifungua droo akatoa fremu ndogo ya mviringo ya kutundikia sarafu kwenye mkufu, ya kubana kwa skrubu, isiyohitaji kuchomelewa. "Ukiihitaji," alisema. "Usipoihitaji, nirudishie."

Siku ya kupamba nyumba niliamka na kuingia jikoni, nikalifunga kasha kwenye kanga kuukuu, nikaliweka kwenye ubao wa kukatia nyama, nikachukua mchi wa kinu cha Shangazi. Shangazi alikuwa anachambua mchele. "Unafanya nini?" Nikamwambia nafungua. "Ngoja," alisema, akasimama, mchele ukamwagika. "Ngoja, Zuhura, mimi nilikuwa nasema tu! Usije ukanilaumu!" Salma akatokea na mafuta ya nazi kichwani, akaanza kupiga kelele kwa Kiingereza kwamba sio lazima, sio lazima. Nikamwambia ashike pembe ya kanga. Nikapiga ukingo, siyo katikati. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili likalia kama mfupa wa kuku. Shangazi alikuwa amefumba macho. Nikaitoa sarafu kwa kuishika ukingo, nimevaa glavu za kazini, na nikakumbuka kwamba mwaka mzima nilikuwa sijawahi kuhisi uzito wake. Ilikuwa nzito kuliko umbo lake. Nikaibana kwenye fremu. Shangazi aliokota kikaratasi chenye namba kutoka kwenye vipande vya plastiki, akakisoma kwa kukisogeza mbali na macho, akakibandika kwenye friji kwa sumaku. "C yetu," alisema.

Siku ya harusi Salma alikaa upande wa wanawake, amependeza, wala hakufanana na mti wa Krismasi. Sarafu yangu ilikuwa kwenye mkufu mwembamba, chini ya mikufu mizito ya watu, imelala juu ya ngozi yake karibu na koo. Mama mmoja mnene wa kutoka Mombasa aliinama kuichunguza. "Na hii ndogo ya nani?" Shangazi alijibu kabla swali halijaisha. "Ya mtoto wangu." Akanionyesha kwa kidevu. "Yule. Ya Kimarekani hiyo, ya kale. Ina namba yake, iko kwenye friji." Yule mama aliitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa, na mimi nikaenda kugawa biriani, maana singeweza kusimama pale.

Jioni tulirudi kwenye flati, miguu imevimba, masufuria ya kukodi yamejaa korido. Shangazi alitandika kanga kitandani, akaweka dhahabu zote, kila mtu akachukua chake na kuondoka. Yangu ilibaki mwisho. Nikaenda nayo jikoni, chini ya taa ya jiko, nikaifungua skrubu. Niliigeuza upande wa tai, nikaona mara moja. Nyuma ya mgongo wake, pale pale kwenye uwanja msafi, mkwaruzo. Mwembamba kama unywele. Kifungo cha mkufu wa mtu.

"Nini?" Shangazi alisema kutoka mlangoni. Alikuwa bado na wanja, umemteremka. Nikamwambia imekwaruzwa. Akachukua miwani, akaisogeza taa, akaangalia mpaka pumzi ikafanya ukungu. "Wapi? Sioni." Akamwita rafiki yake aliyebaki kuosha vyombo, naye hakuona. "Labda ulikuwepo zamani," Shangazi alisema, na nikasikia anavyoogopa. "Haukuwepo," nilimwambia. Nilikuwa nangoja hasira ije. Nilikuwa nimeiweka akiba tangu siku ya maji moto. Badala yake nilisikia kitu kingine, kigumu na kizuri, kinapanda kifuani: haukuwepo, na ninajua, na katika jiji hili lote hakuna mtu mwingine anayejua. Najua kila kilichopo juu ya uso huu. Nikamshika Shangazi mkono, nikamwambia akae nimtengenezee chai, wala asiniombe radhi. Alikaa. Aliinywa kwa kuipulizia, na tukazungumza kuhusu biriani kwamba chumvi ilizidi.

Nilikuwa na siku moja ya mapumziko. Nikaifunga sarafu kwenye kipande cha kanga ile ya jikoni, bila kasha, nikaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, nikafunga zipu. Singeituma Amerika. Kesho asubuhi ningepanda treni ya kwanza mpaka Queensbury, nimkute Mzee Hasmukh anapandisha mlango wa duka lake, niiweke wazi juu ya kitambaa cha kijani na kumwambia sitini na moja, na kwa nini. Na akibisha, ningembishia.